Mke Mwenzangu wa Theluji

Wewe ushawahi kunyang'anywa bwana na mwanamke mwenye mvi? Sisemi msichana, ngoja nimalize. Nasema mwanamke mzima, mvi kichwa chote, magoti mabovu, anayekuja na mbao mbili ndefu kumshinda yeye mwenyewe, anamchukua mume wako mchana kweupe, na binti yako ndiye anamkimbilia na kiti. Mimi nimefanyiwa hivyo. Hapa hapa New Hope, huku Amerika, gorofa ya pili, nikiwa nimesimama dirishani na mwiko mkononi.

Usishtuke lakini. Huyo mume ni mjukuu wangu. Mzee wangu mwenyewe tulimzika Nakuru zamani, na binti yangu alipozaa kijana akampa jina la babake, vile kwetu hufanywa. Sasa mtoto akishabeba jina la mzee wako, ni nani kwako? Si ni bwana yako? Tangu akiwa kwa nepi nilikuwa namwita mume wangu. Namuuliza mbona hajaleta nyama, mbona analala na kuni hazijapasuliwa. Na alipojua kuongea akawa ananijibu kama mwenye boma. Katoto ka miaka minne kanasimama mlango wa jikoni, mikono kiunoni, kanasema, "Mama watoto, chai iko wapi?" Watu wa kanisa wakija kututembelea walikuwa wanacheka mpaka wanashika ukuta.

Mimi nililetwa Amerika kwa sababu yake. Binti yangu ni nesi kwa nyumba ya wazee, anapiga shifti mbili mbili, na bwanake yuko ghala kule Shakopee, anatoka kukiwa na giza anarudi kukiwa na giza. Nani angelea mtoto? Wakanitumia tiketi, nikaacha kibanda changu cha viazi sokoni, nikaja. Kwa hivyo huyo kijana nimemlea na hii mikono, siambiwi na mtu. Na Jumamosi ilikuwa siku yetu. Wazazi wako kazini, sisi tunakanda chapati, yeye anasukuma, mimi nachoma, na mdomo haupumziki. Ananiambia nani alipigana shuleni, nani alitapika kwa basi. Nilikuwa najua watoto wa ile shule kuliko mwalimu mkuu.

Halafu Kiswahili kikaanza kumtoroka. Wewe unajua hawa watoto wetu. Anasikia kila kitu, ukimtuma chumvi analeta chumvi, lakini akijibu ni Kizungu. Na mimi Kizungu changu ni cha kusalimia na kuuliza bei. Basi stori zikawa fupi, fupi, mpaka zikabaki neno moja. "Shule ilikuwaje, mzee wangu?" "Good, shosho." Shosho ndio mimi, nyanyake. Hiyo ndiyo stori yote. Good. Utapika nini na good?

Hapo ndipo yule mwanamke akaingia.

Kijana alikuwa ameanza tu ile shule ya wakubwa. Siku moja majani ya miti yanaanguka, naona mume wangu pale nje magari yanapoegeshwa, amevaa viatu vyenye mbao, mbao zina magurudumu, na fimbo mbili mkononi, anasukuma lami kama mtu anayekimbizwa na deni. Nikafungua dirisha nikauliza, "Wee, umevunjika mguu gani?" Akacheka. Akasema ameingia timu ya shule ya kuteleza kwa theluji na mbao miguuni. Wanangoja theluji ishuke, na kabla ishuke wanajifunza kwa barabara.

Mimi nikasema sawa, mtoto acheze. Sikujua. Theluji ikashuka, na Jumamosi zangu zikaenda nayo.

Akawa anatoka asubuhi na begi, anarudi jioni mashavu yamekauka, nguo zinanuka mshumaa. Ile harufu, nilidhani ameingia kanisa lingine. Kumbe ni nta. Wanapaka zile mbao nta, halafu wanazipiga pasi. Nikauliza, nani anapiga pasi? "Coach," akasema. Mwalimu wao wa timu, tena mwanamke. Nikaketi chini. Mimi ndiye nimepiga pasi shati za huyu mtoto tangu shule ya chekechea, na sasa kuna mwanamke mwingine huko nje anampigia pasi mbao.

Na kila kitu sasa ni coach amesema. Coach amesema asile ugali mwingi kabla ya mbio, ale uji wa shayiri. Uji? Mimi nilimpa huyu mtoto uji kabla hajaota jino, hakuna aliyeniita coach. Coach amesema alale mapema. Coach amesema akiweka mgongo wa mkono kwa theluji anajua ni nta gani itafanya kazi. Mimi nikasema hata mimi nikiweka mgongo wa mkono kwa shavu lako najua kama una homa, mbona hiyo husemi kwa watu?

Nilikuwa nadhani ni msichana. Nikajiambia labda ni mwalimu mdogo, mrembo, kijana amependa kidogo, itapita. Hata nilifurahi, nikafikiria atakua aoe. Halafu akanionyesha picha kwa simu. Ai. Bibi kizee. Bibi kizee kama mimi, pengine amenizidi, uso una mistari kama mkeka, kofia ya sufu yenye kifundo juu, na mkono wake uko kwa bega la mume wangu. Na mume wangu anacheka meno yote thelathini na mbili. Hayo meno nilikuwa sijayaona tangu mwaka juzi.

Angekuwa msichana ningevumilia, kila mtu ataachwa na mjukuu kwa ajili ya msichana, hiyo ni dunia. Lakini shosho mwingine? Ati nimechoka kutosha mpaka nimeletewa mwingine wa kunisaidia?

Siku hiyo nikakataa kupika. Binti yangu akarudi kazini akakuta jiko baridi, akaniuliza, "Mama, uko mgonjwa?" Nikamwambia muulize mume wangu na mke wake mpya. Binti akaanza kucheka. Mimi sikucheka.

Kijana akaja akaketi karibu na mimi, akajaribu utani. Kwa Kiswahili hata, kile chake cha kuchechemea. "Mama watoto, wewe ni mke mkubwa. Yeye ni mdogo."

Nikamwambia, "Haya. Kama mimi ni mkubwa, sheria unaijua?"

"Sheria gani?"

Nikamfundisha. Mimi hayo mambo nayajua, mamangu alikuwa mke wa kwanza. Babangu alipotaka kuoa wa pili, yule wa pili hakuingia boma hivi hivi. Alipitia jikoni kwa mamangu kwanza, amebeba sukari na majani ya chai, akaketi chini, akasema mimi ni fulani, nimetoka mahali fulani, nimefanya hivi na hivi kwa maisha yangu. Mamangu akamsikiza. Halafu wakagawana zamu, siku za huyu na siku za yule, ndio kusiwe na vita. Nikamwambia kijana, "Huyo wako ameingia kwa dirisha. Mwambie aje kwa mlango."

Nilikuwa nasema tu, hasira. Lakini yule mtoto mjinga akaenda akamwambia yote.

Na mwanamke akaja.

Jumapili baada ya kanisa, nasikia mlango unagongwa. Nafungua, naona kofia yenye kifundo. Amesimama hapo na mfuko, anatabasamu, na ndani ya mfuko kuna sukari na majani ya chai. Ya Kenya, ile ya pakiti. Alienda akaitafuta mpaka akaipata kwa duka la watu wetu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukia vizuri, lakini mtu akiwa na adabu utamfukuza vipi? Nikasema karibu. Akavua viatu mwenyewe, bila kuambiwa. Nikaona soksi moja ina tobo, nikafurahi kidogo.

Akataka kuketi chini, kwa sababu kijana alimwambia mke wa pili huketi chini. Magoti yakamkatalia katikati, akabaki hapo hajaketi hajasimama. Binti yangu akakimbia na kiti. Mimi nikasema, "Mwambie aketi kwa kiti, sheria inaruhusu kama goti ni bovu." Kijana akatafsiri akiangalia soksi zake, alikuwa anatamani sakafu impokee.

Nikammiminia chai. Akaweka sukari vijiko vitatu. Hapo nilimheshimu.

Kisha akaeleza maisha yake, vile inatakiwa. Kijana anatafsiri, akikwama mamake anamsaidia. Alizaliwa kaskazini, shambani, baba yake mkata miti. Mbao zake za kwanza alichongewa na huyo baba jikoni, ncha akazikunja juu ya mvuke wa sufuria, mama mtu akilia kwamba sufuria ni ya supu. Alikuwa anaenda nazo shule. Lakini huko shule timu ilikuwa ya wavulana peke yake. Wasichana walitakiwa wakae wawapigie makofi. Yeye akawa anangoja wavulana waondoke wote, halafu anaingia kwa njia yao, anateleza nyuma, bila namba kifuani, hakuna anayempimia muda. Msimu wote. Akifika mwisho watu washaanza kwenda nyumbani.

Baadaye dunia ikabadilika kidogo, wakawapa wanawake namba. Akashindana. Alishinda mara kadhaa, alishindwa mara nyingi, medali ziko kwa mkebe wa biskuti pamoja na vifungo. Akawa mwalimu, akafundisha watoto wa watu kuteleza mpaka akastaafu. Magoti yakakataa mashindano. Bwana akafa, mtoto hakujaliwa. Na badala ya kukaa nyumbani karibu na moto, akarudi kule kule kwa theluji. Saa hii anasaidia tu. Anapanga bendera za njia, anagawa namba, anaokota glavu za watoto, anapiga pasi mbao.

"Wanamlipa?" nikauliza.

"Hapana, shosho. Bure."

"Bure kabisa? Hapa Amerika?"

Akatafsiriwa, akacheka, akasema kitu. Kijana akasema, "Anasema analipwa na chai."

Mimi nilicheka na mdomo, lakini moyoni kulikuwa kunachemka. Nitakwambia ukweli, na usimwambie. Wivu wa mjukuu niliujua. Lakini hapo kwa kiti ukazaliwa mwingine. Maana alipokuwa msichana akiteleza kwa kilima na upepo masikioni, mimi umri ule ule nilikuwa napanda kilima na debe la maji kichwani. Kilima ni kilima. Mimi pia nilikuwa na mbio, waulize walionijua. Nilikuwa nawahi mtoni kabla ya wote ndio maji yasichafuke. Hakuna aliyeniambia kuna namba mtu anaweza kuvaa. Yeye alinyimwa namba akajua amenyimwa. Mimi hata sikujua zipo.

Basi tukaja kwa zamu. Nikasema, "Mwambie mimi nataka Jumamosi yangu."

Akasema, Jumamosi ndio mashindano.

Nikasema, "Basi Jumapili yote, kuanzia asubuhi. Asimpigie simu."

Akakubali.

"Na Jumatano jioni."

Akaangalia kijana, akasema Jumatano ni mazoezi ya vilima. Tukavutana hapo kama watu wa sokoni. Nikamwachia Jumatano, akanipa Ijumaa. Na msimu ukiisha, theluji ikiyeyuka, ni wangu mpaka majani yaanguke tena. Binti yangu alikuwa ameenda chooni kucheka, nilikuwa namsikia. Lakini sisi wawili hatukucheka. Yule mwanamke alikuwa anajadili kama mtu anayejua thamani ya kitu.

Akiondoka akatoa kitu kingine kwa mfuko. Kengele. Ile ya ng'ombe, ya chuma, ina mkanda wa ngozi. Akaiweka mezani mbele yangu akaongea polepole, kijana akatafsiri. Yale mashindano ya mwisho wa msimu yanakuwa kwa bustani kubwa kule Maple Grove. Karibu na mwisho kuna kilima, ndio watoto hukata tamaa hapo. Miaka yote yeye husimama juu yake na hiyo kengele anawaita mmoja mmoja. Lakini mwaka huu amewekwa mwisho kabisa wa njia, kupokea watoto na kuwavua namba. "Anasema kilima ni chako, shosho."

Sasa fikiria. Mke mwenzako anakuachia mahali pake. Unashukuru ama unashuku? Mimi nilifanya vyote viwili.

Siku ikafika, mwenzangu akanichukua kwa gari lake. Wazazi wa kijana walikuwa kazini kama kawaida. Nilikuwa nimevaa suruali ya theluji ya mkwe wangu, makoti mawili, na leso yangu juu ya kofia, ili mtu ajue ni mimi. Tukishuka nikasikia kengele za ng'ombe kila upande. Nikageuka kutafuta ng'ombe. Hakuna ng'ombe, ni wazungu. Watu wazima, mababa na ndevu zao, wamesimama kwa theluji wanatikisa kengele. Nikajua nimefika.

Walinisaidia kupanda kilima kwa kando. Nikasimama juu. Na kweli, watoto walikuwa wanafika pale wakiwa wamekwisha. Kamasi imeganda, macho yametoka, wanapanda na miguu imefunguka kama chura. Nikawa napigia kila mtu, hata wa shule nyingine, maana mtoto ni mtoto. Halafu nikamwona wangu chini. Nyuma ya wawili. Anapanda, kichwa kimeanguka, na najua hicho kichwa, hivyo ndivyo kilikuwa kinaanguka akikataa dawa.

Nilikuwa nimepanga maneno ya heshima. Yakapotea yote. Nikapiga vigelegele mpaka mama mmoja karibu nami akaangusha kahawa, halafu nikapaza sauti, "Mume wangu! Panda, ugali unapoa! Nitampa jirani!"

Kichwa kikainuka. Akaangalia juu, akaniona. Nikapiga vigelegele tena, kushtukia anapita mbele yangu, nikamgusa koti, akaenda, akashuka ule upande mwingine, miti ikamficha.

Sasa mimi nibaki na nini? Kutoka kile kilima mwisho huuoni. Ikabidi nishuke, na kushuka kwangu ni kwa kushikilia kila mti na kuusalimia. Nilikuwa na maneno mengi ya kumuuliza. Alinisikia? Alimpita nani? Alianguka? Nilikuwa nataka aniambie mimi, mdomo wake ukiwa bado moto.

Nikafika. Na wewe unajua nilikuta nini. Amefungwa blanketi, anatetemeka, na yule mwanamke ameinama anamfungua mbao, na maneno yanamtoka huyo kijana kama mahindi kwa gunia lililotoboka. Kizungu tupu. Mikono inaruka, anaonyesha kilima, anaonyesha fimbo, anacheka, anakaribia kulia, na mwanamke anaitikia, anauliza, anapiga paja lake. Stori nzima, yenye moto, nikaona inaingia kwa sikio la mwenzangu mpaka ya mwisho.

Halafu akaniona. Akanikumbatia vizuri, sitadanganya. Nikamuuliza, "Ilikuwaje, mzee wangu?"

"Ilikuwa good, shosho."

Kwa gari niliketi nyuma, naangalia nje. Yule mwanamke alikuwa anaangalia kioo, aniangalie mimi huko nyuma, aangalie barabara. Kengele ilikuwa kwa mapaja yangu na kila tukipita shimo inalia kidogo, kama inanicheka.

Nyumbani nikaweka maji ya chai. Kijana akaja jikoni, akasimama pale pale alipokuwa anasimama akiwa mdogo.

"Shosho, umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Umekasirika. Umeweka chumvi kwa chai."

Nikaangalia, kweli. Nikamwaga. Nikamwambia, "Sikiza. Tuligawana zamu mimi na huyo mke wako, na siku zangu nimepata, sina kesi. Lakini mimi nimepewa siku, yeye amepewa maneno. Siku bila maneno ni nini? Ni kuangalia ukuta na mtu."

Akaangalia mlango. Nikadhani ataenda chumbani, ile yao ya kufunga mlango. Akavuta kiti. Akasema, na hii alisema kwa Kiswahili, akitafuta kila neno kama mtu anayetafuta shilingi kwa mfuko uliotoboka: "Si kwamba sitaki kukuambia. Sina maneno. Hivyo vitu vya theluji sijui vinaitwaje kwetu."

Mimi nikamwangalia. "Kwani nani anajua? Kwetu iko theluji wapi, ukitoa kule juu ya mlima? Hakuna mwenye hayo maneno. Tuyatengeneze."

Nilikuwa na maharagwe kwa ungo, nachagua ya Jumapili. Akayachukua akayamwaga mezani, akajenga kilima. Haragwe moja jekundu ni yeye. Mbao ni mbao. Fimbo ni fimbo. Nta ni nta, hiyo nilikuwa nayo mimi, na alishangaa kwamba kumbe Kiswahili kina nta. Ile theluji iliyogandishwa na baridi ikawa kioo. Ile laini ikawa unga. Kule kuchoka kunakouma kwa kifua akasema hajui, nikamwambia kwetu mtu akipanda na mzigo hivyo tunasema pumzi imemkata. Akasema, "Ndio. Pumzi ilinikata."

Na akanieleza. Alivyoanza vibaya, akanyang'anywa njia na mrefu mmoja. Vile kule kwa miti kulikuwa na kioo na miguu ikamkimbia. Vile alifika chini ya kilima akajiambia basi, natembea tu, hakuna mtu wa kuniona. "Halafu nikasikia wewe. Unasema utampa jirani ugali." Akaanza kucheka, hawezi kuendelea. "Nilicheka nikakaribia kuanguka, shosho. Jirani gani?" Akasukuma haragwe jekundu juu, akalipitisha moja jeupe. "Hapa. Huyu nikampita hapa. Mbele yako."

"Mbele yangu? Na mimi sikuona?"

"Ulikuwa umefunga macho. Unapiga kelele."

Tulikaa hapo mpaka chai ya pili. Stori ilichukua muda mrefu kuliko mbio zenyewe. Hiyo sehemu ya ugali nikamuuliza, umemwambia mwenzangu? Akasema alijaribu, lakini kwa Kizungu haichekeshi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka vidole vya miguu.

Usidhani wivu uliisha. Wivu wa ukewenza hauishi, unajifunza tu kuketi. Yule mwanamke akawa anakuja kunywa chai Jumapili, zamu yangu, akijifanya ameleta glavu. Akajifunza kuniita mwenzangu. Mimi nikajifunza kumfungia mkate wa kupeleka nyumbani. Lakini nilikuwa nachunga. Kijana akirudi kutoka mashindano nilikuwa nasimama mlangoni nione mdomo wake, kama maneno bado yamo ama yameshamwagwa kwa gari la watu. Na mara nyingi, nitasema ukweli, yalikuwa yameshamwagwa, nikaletewa ya kupashwa moto.

Misimu ikapita hivyo, shule ikaisha. Yule mwanamke akamsaidia akapata chuo huko kaskazini, kando ya lile ziwa kubwa, wana timu na theluji haikosi. Yaani alichukua Jumamosi, sasa amechukua wiki nzima amepeleka kwao. Nilimwambia hivyo, usoni. Binti akatafsiri kwa upole, lakini mwenzangu alielewa, akashika mkono wangu hakuachilia. Yeye pia alikuwa anaachwa, na ndiye aliyefungua mlango.

Siku ya kuondoka mbao ziliwekwa juu ya gari, zimefungwa na kamba. Tulisimama pale nje sisi wawili, wake wenza, na mifuko yetu. Yeye ameleta nta, mimi nimeleta chapati na maharagwe. Kijana akamkumbatia yeye kwanza. Niliona. Alimshikilia sana, na kofia yenye kifundo ikaanguka chini, hakuna aliyeiokota.

Halafu akaja kwangu. Amekuwa mrefu, ikabidi ainame. Akaniongelesha sikioni, Kiswahili, hakuchanganya hata neno moja, najua alikuwa amefanya mazoezi. Gari likaenda. Mwenzangu akafuta macho, akaniuliza kwa mikono, amesema nini? Nikamwambia ni mambo ya bibi na bwana. Nilimwacha angoje mpaka tukapanda juu, tukanywa chai, akaweka vijiko vyake vitatu, ndipo nikamwambia binti amtafsirie.

Alisema hivi: "Mama watoto, nikimaliza mbio, kabla sijafungua mbao, nitakupigia wewe kwanza. Nikishinda, nikianguka, kilima kwa kilima, kwa Kiswahili. Na yeye sitampigia. Akitaka kujua, atakuja kuuliza kwako."